Miwani ya skii "moja kwa kila hali ya hewa"? Thubutu!

Sifa za kiwandani tafuteni wenyewe, mie nimekuja kulalamika. Naishi Denver, mtu wa Tanga, theluji nimeijulia ukubwani, na msimu uliopita nikanunua miwani ya skii yenye lenzi inayobadilika yenyewe, jua likiwaka inakuwa nyeusi, mawingu yakiingia inafunguka. Kijana wa dukani akaniapia kabisa kwamba hii moja inatosha, habari za kubeba lenzi ya pili nisahau. Dola mia mbili na ushee zikaondoka hivyo.

Sasa sikieni. Loveland, kituo cha skii pale juu ya handaki la Eisenhower, wanaopajua wanapajua: asubuhi jua kali mpaka unavua skafu, mchana kidogo upepo unaleta wingu na theluji inaanza kudondoka. Tuko juu kabisa, miti yote tumeiacha chini, hakuna hata kivuli cha kukuonyesha mteremko unaanzia wapi, anga jeupe mlima mweupe, na mimi machoni nina giza. Lenzi imegoma kufunguka! Nasubiri weee, watu wenye lenzi zao za njano na za waridi wanashuka zao tu, wanaona kila tuta, mimi nimesimama kama nguzo ya umeme. Nikasema basi nishuke taratibu, nikapiga tuta ambalo mpaka leo sijaliona, ubavu chini, ski moja ikachomoka mguuni.

Kumbe hizi lenzi baridi inazikoroga. Kwenye baridi kali zinazidi kuwa nyeusi, halafu kurudi kuwa nyepesi zinachukua muda mrefu kuliko kwenye joto. Yaani kitu cha kuvaliwa kwenye barafu, barafu hiyohiyo ndo inakikwamisha! Dukani inafunguka haraka kwa sababu dukani kuna hita, nani atakwambia.

Nikarudi na risiti yangu. Yule kijana hayupo, yupo bwana mmoja nadhani ndo msimamizi, miwani hata kuigusa hakuigusa, akanipandisha akanishusha halafu akauliza, "Kwani kwenu kuna theluji?" Jamani! Nikamwambia ipo, Kilimanjaro, mita 5,895, ila mimi nimekuja kuuliza habari ya lenzi. Akacheka. Akasema labda ulikuwa ukungu, siku nyingine niifute kwa ndani. Niifute ndani! Mtu anauza miwani ya skii na hajui kwamba upande wa ndani umepakwa dawa ya kuzuia ukungu, ukiusugua una maji dawa inatoka, unachotakiwa ni kukung'uta maji na kuiacha ikauke yenyewe. Hela hakurudisha, eti nimeshaitumia. Sasa ningejuaje haifai bila kuitumia?

Haya, tusionee. Siku ya jua tupu miwani hii siwezi kuisema vibaya. Theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya miale ya UV, na kila ukipanda mita 1,000 miale inaongezeka kama asilimia 10, na pale Loveland hata unapopaki gari umeshapita mita 3,000. Kuna mwenzangu alijifanya mwamba akashinda macho wazi, usiku hawezi hata kutazama simu, machozi hayakatiki. Mimi na hii, hamna kitu. Sponji imekaa vizuri shavuni, na miwani yangu ya kusomea inaingia ndani bila kunibana. Hapo wamejitahidi, nilishaanza kufikiria nyota nne.

Lakini nyota nne za nini wakati milimani hali ya hewa inageuka mara tatu kabla ya chakula cha mchana? Chukueni ile ya sumaku yenye lenzi mbili. Nyeusi ya daraja la S3, yaani inapitisha asilimia 8 mpaka 18 tu ya mwanga, hiyo ya jua. Nyingine S1, kuanzia 43 mpaka 80, ya njano au waridi ili matuta yaonekane, iweke mfuko wa ndani wa jaketi isipate baridi. Na usibadilishie ukiwa kwenye lifti ya kupandia mlimani, unaning'inia hewani, ikikuponyoka ndo basi tena, mtaikuta theluji ikiyeyuka.

Nilitaka kutoa tatu. Nikikumbuka lile swali natoa mbili, moja ya sponji, nyingine ya yule kijana maana angalau alisalimia. Na kama kuna mtu yuko Denver anaskii siku za jua peke yake anicheki, namwachia nusu bei, haina mkwaruzo hata mmoja kwa sababu ndani sijaifuta.