PrePoMax na mguso wa vipande: panapofanya kazi vizuri, panapokwama

PrePoMax ni programu ya bure ya kukokotoa mikazo, iliyotengenezwa na Matej Borovinšek wa Chuo Kikuu cha Maribor, Slovenia. Yenyewe huandaa modeli na kuonyesha matokeo. Hesabu hufanywa na CalculiX, programu nyingine ya Guido Dhondt. Kwa mhandisi mwenye kompyuta ya Windows na asiye na fedha za leseni, tunaipendekeza bila kusita, hasa kwa modeli za vipande vingi.

Kinachoipa sifa ni amri ya Search Contact Pairs. Unataja umbali na pembe, nayo inazipitia nyuso na kukuletea jozi zinazokaribiana, uamue kila jozi iwe Tie (kuunganishwa kabisa) au mguso halisi, unaoruhusu nyuso kuachana na kuteleza. Uamuzi huo usiharakishwe. Tie hugandisha: nyuso haziachani wala hazitelezi, na hata nguvu ya kuvuta hupita. Inafaa kwa gundi au weldi iliyopenya unene wote. Ukigandisha brakiti nzima juu ya bamba lake, kiungo kitaonekana kigumu kuliko kilivyo, ukingo hautafunuka, na bolti itaonyesha mkazo mdogo kuliko inaoubeba kweli. Hilo ni kosa la hatari, maana hesabu inamalizika bila kulalamika na picha inapendeza.

Kwa mguso halisi chagua aina ya uso kwa uso, hasa ukitumia tetrahedra za nodi 10 (vipengele vya nyuso nne vyenye pointi 10 za hesabu). Uso wenye meshi (mgawanyo wa vipengele) ndogo zaidi uwe mtumwa (slave), ule mpana na mgumu uwe bwana (master). Ugumu wa mguso, K, anza na mara 5 hadi 50 ya moduli ya Young, yaani kipimo cha ugumu wa nyenzo: kwa chuma cha MPa 210,000 ni kama milioni 1 hadi 10 N/mm³. K ikiwa ndogo mno nyuso huzamiana. Ikiwa kubwa mno hesabu hurukaruka bila kutulia. Ukiongeza msuguano, tuseme 0.15, upe mteremko wa kushikamana (ugumu wa upande kabla ya kuteleza) wa takriban sehemu ya kumi ya K.

Kukwama kwingi chanzo chake ni kipande kinachoelea. Kabla nyuso hazijagusana hakuna kinachokizuia, hivyo mwendo wake hauna kikomo. Ziba mwanya wa awali kwa kurekebisha nodi, kaza bolti katika hatua ya kwanza, mzigo wa nje uje hatua ya pili, na uanze na nyongeza ya 0.1 ya hatua au chini. Washa pia Nlgeom, chaguo la kuhesabu mabadiliko makubwa ya umbo.

Udhaifu wake ni ujumbe wa makosa: hesabu ikivunjika, haikuambii ni jozi ipi iliyosumbua. Kwenye Tie angalau CalculiX huandika faili la WarnNodeMissMasterIntersect.nam lenye nodi zilizokosa uso wa bwana. Lifungue kabla ya kutazama rangi za picha ya matokeo. Kisha jumlisha nguvu za egemeo: zisipolingana na mzigo ulioweka, huenda kuna kiungo kilichoachia.