Uchambuzi wa seti ya cheni 428H kwa pikipiki ya kazi

Karibuni, watazamaji. Bidhaa iliyopo mezani leo ni seti ya cheni namba 428H pamoja na spoketi zake mbili, yaani gia za meno zinazozungushwa na cheni, ya mbele na ya nyuma, ambayo wamiliki wengi wa pikipiki za cc 125 na 150 huifuata Kariakoo wakiamini kwamba ile herufi H pekee itamaliza matatizo yao. Niseme mapema kwamba seti hii ninaipendekeza, lakini umri wake hutegemea zaidi namna utakavyoikaza kuliko bei utakayoilipa.

Cheni ya 428 na ya 428H zina umbali uleule kutoka pini hadi pini, yaani milimita 12.7, na kwa sababu hiyo zote hukaa kwenye spoketi za aina moja. Tofauti ipo kwenye bapa za pembeni, ambazo kwenye H ni nene zaidi na huhimili vizuri pikipiki iliyobeba gunia la mkaa, au ile iliyopiga mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ingawa sheria hairuhusu. Kabla ya kulipa, hesabu meno ya spoketi zako za zamani ulinganishe na mpya, kwani idadi ikitofautiana, nguvu ya kupanda mlima na mwendo wa tambarare vitabadilika. Anayenunua cheni peke yake na kuacha spoketi zilizochongoka meno anapoteza fedha, maana meno hayo yataila cheni mpya upesi.

Sasa tuangalie ufungaji, ambako ndiko seti nyingi huharibikia. Mafundi wengi huikaza cheni mpaka inyooke kama waya wa kuanikia nguo, na mteja huondoka ameridhika kwa kuwa haipigi kelele. Pikipiki inapopakia mzigo, shokomzoba hushuka, na gurudumu la nyuma huzidi kuwa mbali na spoketi ya mbele hadi pale spoketi hiyo, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja; cheni isiyo na nafasi ya kutosha hapo huvuta beringi za gurudumu na shafti ya giaboksi, na baadaye utaona oili ikivuja nyuma ya spoketi ya mbele. Kwa pikipiki ndogo nyingi, katikati ya sehemu ya chini, cheni inapaswa kucheza juu na chini kwa milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono na upime pale cheni inapokaza kuliko kwingine, kisha uhakikishe alama za pande zote mbili za ekseli zinalingana.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ukilirudisha gurudumu nyuma ili kukaza cheni, fimbo ya breki ya nyuma nayo huvutika, na breki ya ngoma inaweza kubaki imeshika kidogo hadi habu, yaani kitovu cha gurudumu, ipate moto. Legeza nati ya fimbo hiyo mpaka gurudumu lizunguke huru, halafu ujaribu breki kabla ya kuingia barabarani.

Kuhusu ulainishaji, oili ya gia SAE 90 inatosha, ikipakwa upande wa ndani wa cheni baada ya safari, injini ikiwa imezimwa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini hubeba chembe za chuma, na girisi nzito hukusanya mchanga bila kupenya kwenye pini.

Ikiwa cheni imekazwa sawasawa na bado pikipiki inashtuka unapofungua mafuta, kagua raba zilizomo ndani ya habu ya nyuma. Injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka ilhali cheni haijaruka meno, mshukiwa wa kwanza ni klachi. Kujua kama cheni yenyewe imechoka, ivute nyuma kwenye spoketi kubwa: jino likionekana zaidi ya nusu, muda wake umekwisha. Mwenye rula apime nafasi 20 za pini, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 21, ambazo kwenye cheni mpya ni milimita 254; zikikaribia 259, badilisha seti nzima.

Kasoro kubwa ninayoiona kwenye seti hii ni klipu ya kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, ambayo ni nyembamba mno ukilinganisha na unene wa bapa. Ifunge upande wake uliozibika ukielekea kule cheni inakokwenda, kwa sababu ukiugeuza, jiwe moja likiigonga linaweza kuifyatua na cheni ikalibana gurudumu pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Wakati wa kununua, omba klipu ya pili na uiweke pamoja na spana zako chini ya kiti.