Chokaa ya kabaidi kutoka gereji za Kigoma: tathmini baada ya msimu mmoja wa maharage

Mabaki ya kabaidi ni yale matope meupe yanayomwagwa nyuma ya gereji baada ya mafundi wa kuchomelea kutia maji kwenye mawe ya kabaidi ili wapate gesi. Wengi huyaona kuwa uchafu, lakini kwa asili yake ni chokaa iliyozimwa, na msimu uliopita niliyanunua kwa ajili ya shamba langu la Buhigwe, ambalo udongo wake ulipopimwa ulikutwa na pH 4.9 (pH ni kipimo cha tindikali; ikiwa chini ya 7 udongo una tindikali, na chokaa huipunguza). Anayelima kwenye miinuko yetu anaijua hali hiyo hata kabla ya kupima: maharage huota vizuri, yakishatoa majani machache hudumaa na kugeuka njano, na mbolea unayotia huioni imekwenda wapi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, aluminiamu iliyomo huanza kuyeyuka na kudhuru ncha za mizizi, huku fosforasi ya mbolea ikinaswa ardhini isiufikie mmea.

Gereji niliyonunua, iliyoko Kigoma mjini, ilinitoza shilingi 2,000 kwa kiroba, usafiri juu yangu. Afisa ugani alikuwa amenishauri tani moja ya chokaa ya mawe, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, kwa ekari, nami nilitaka kujaribu kwanza kwenye robo ekari, yaani kilo 250. Kwa kabaidi nilihitaji pungufu ya hapo, kwa sababu kilo 74 za chokaa iliyozimwa, ikiwa safi na kavu, hufanya kazi ya kilo 100 za chokaa ya mawe iliyo safi. Hivyo kilo 185 zingenitosha. Ni unga laini sana pia, na huanza kazi mapema kuliko mawe yaliyosagwa kwa chenga.

Neno "kavu" ndilo lililonigharimu. Nilipewa matope ya siku hiyo hiyo, na nilipoyaanika juu ya turubai, kiroba cha kilo 50 kilibaki karibu nusu yake, maana yake nilikuwa nimelipia na kusafirisha maji. Mbaya zaidi, ndani ya mabonge nilikuta vipande vya kabaidi ambavyo havijaisha nguvu. Nilipovidondoshea maji vilichemka na kutoa ile harufu inayofanana na kitunguu saumu. Gesi hiyo inashika moto. Mtu akiviweka viroba hivyo stoo penye kibatari anaweza kupata ajali, na muuzaji hakunitahadharisha hata kwa neno moja. Hilo sikulipenda kabisa, na ndiyo sababu huduma yake naipa alama mbili tu kati ya tano, ingawa bidhaa yenyewe naipa nne.

Nyuma ya gereji hiyo kuna lundo jingine la zamani, lililokauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Nilichukua konzi moja ya kila lundo nikakamulia ndimu: la zamani lilitoa povu, la siku hiyo halikutoa. Povu linaonyesha kwamba chokaa imekaa hewani hadi sehemu yake imegeuka kuwa ya aina ile ile ya chokaa ya mawe, ambayo ni pole zaidi kwa ngozi na macho, japo uzito unaohitajika huongezeka kidogo.

Nilinyunyiza wiki tatu kabla ya kupanda, nikiwa na glavu na miwani, nikauchanganya unga na udongo kwa jembe hadi kina cha sentimita 15 hivi. Urea na SA (salfeti ya amonia), mbolea za naitrojeni, sikuziweka pamoja nao, kwa kuwa zikikutana na chokaa hii naitrojeni hupotea hewani ikiwa gesi ya amonia. Utaisikia puani ikiondoka.

Maharage yalipotoa maua niling'oa mashina machache. Upande usiotiwa chokaa mizizi ilikuwa mifupi na minene, nchani imekuwa ya kahawia. Upande wa pili ilikuwa myeupe, yenye matawi mengi, na vinundu vyake nilipovipasua kwa ukucha vilikuwa na rangi ya waridi ndani, dalili kwamba vinatengeneza naitrojeni. Nilivuna debe tano na nusu kwenye robo ekari hiyo, na debe tatu kwenye robo ya jirani yake niliyoitunza vivyo hivyo ila bila chokaa.

Chokaa hii haina magnesiamu ya maana kama ile ya dolomaiti (chokaa ya mawe yenye magnesiamu), hivyo shamba lenye upungufu huo litahitaji chanzo kingine. Usiipeleke kwenye mananasi, yanayoupenda udongo wenye tindikali, wala usiizidishe ukidhani utavuna zaidi, kwani pH ikipanda mno mmea hukosa zinki na madini ya chuma. Majivu ya jikoni nayo husaidia na yana potasiamu, lakini nguvu yake ni ndogo na hayatoshi zaidi ya bustani.

Mwezi wa tisa nitarudi gereji hiyo hiyo na chekeche yangu, nichukue viroba vinane vya lile lundo la zamani, na bei nitaipatana kwa unga uliokwisha kuchekechwa.