Waya wa spika, mita 30: nyota tatu kwa shingo upande

Nilipolinyanyua hili rola mara ya kwanza, mkono ulishtuka kabla ya kichwa. Waya wa nyuzi mbili, kila mmoja milimita mraba 2.5, mita 30: shaba peke yake ingezidi kilo moja na robo. Hili lilikuwa jepesi kama kamba ya kuanikia nguo. Nikachukua wembe, nikakwangua uzi mmoja. Juu mwekundu, ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwenye karatasi yake wameandika shaba tupu.

Ningelirudisha, ila nilikuwa na wiki ya likizo na amplifaya imeshavutwa kutoka ukutani. Basi nikalitumia kwa majaribio yote niliyokuwa nayaahirisha tangu mwaka jana.

Kwanza nililipambanisha na waya wangu wa zamani, mwembamba wa 0.75 lakini shaba ya kweli. Aluminiamu ya 2.5 inapitisha umeme karibu sawa na shaba ya 1.5, kwa hiyo kwa umbali wa mita tano, kwenda na kurudi, unapata ukinzani wa kama omu 0.11. Ule wa zamani ni 0.23. Spika zangu ni za omu 8. Nilisikiliza jioni nzima nikitafuta tofauti na sikuipata. Mwenye sebule ya kawaida asilipe zaidi kwa ajili ya unene.

Jaribio la pili ndilo lililonitia aibu. Spika zangu zina vifungio vinne nyuma, viwili vya tuita (spika ndogo ya sauti nyembamba) na viwili vya wufa (ile kubwa ya besi), vimeunganishwa kwa vibati. Ukiving'oa unaweza kupeleka waya mbili kwa kila spika, na wapo wanaoapa kwamba sauti inafunguka. Nikampa mdogo wangu kazi ya kubadilisha huku mimi nimegeukia ukuta. Mara ya tatu nikamwambia, hiyo hapo, besi imekaza, acha hivyo hivyo. Akanijibu, "Kaka, hiyo sijagusa kitu. Nilikuwa naokota bisibisi." Nilirudisha vibati usiku uleule.

Lawama kubwa zaidi ni ya alama. Upande wa chanya una mstari wa kijivu kwenye ganda jeupe, na nyuma ya kabati huuoni kabisa. Nikafunga spika moja kinyume. Hakuna kilichoungua, lakini besi ilinyauka, na mwimbaji aliyekuwa katikati akawa hana mahali, yuko huku na huku. Kama nawe unapata hali hiyo, chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha ncha zake na betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: wufa ikisukumwa nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Ikiingia ndani, geuza. Kisha weka alama yako ya selotepu, maana ya kiwandani haisaidii.

Kufunga spika nne, mbili sambamba kwa kila upande, nilijaribu kwa ufupi. Omu 8 na 8 zinakuwa 4, amplifaya yangu imeandikwa isishuke chini ya 6, na baada ya nusu saa ilijizima kwa joto. Nilistahili.

Sasa utamu. Kuna njia aliyoieneza David Hafler, mhandisi wa Marekani wa kampuni ya Dynaco, karibu na mwaka 1970. Unachukua spika mbili za ziada, unaziweka nyuma ya kiti. Chanya ya spika ya kushoto inakwenda kwenye chanya ya kushoto ya amplifaya, chanya ya spika ya kulia kwenye chanya ya kulia, halafu hasi zao unaziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Kwenye hasi ya amplifaya hugusi. Kinachofika nyuma ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia: mwimbaji wa katikati anatoweka, zinabaki makofi, mwangwi wa ukumbi, kinanda kilichosukumwa pembeni. Niliweka rekodi ya tamasha, na watu wakaanza kukohoa nyuma ya kisogo changu. Mdogo wangu aligeuka kutazama mlango! Na spika hizo mbili zimefuatana, jumla yake ni omu 16, hivyo zinaielemea amplifaya kidogo kuliko zile za sambamba. Ila kwanza hakikisha kwa mita, chombo kikiwa kimezimwa, kwamba hasi zake mbili zimeungana ndani. Kama hazijaungana, usijaribu.

Kichekesho ni kwamba kazi hiyo ya nyuma nimeifanya kwa ule waya wa zamani wa 0.75. Huu mpya umebaki kwenye spika za mbele, na baada ya kufungua na kufunga mara kumi hivi, nyuzi zake zimeanza kukatika shingoni kwa kifungio, kama aluminiamu inavyokatika ukiikunja mara nyingi. Nimeshakata sentimita mbili mara tatu. Ukilinunua, usikaze skrubu kwa hasira, na kagua kama kuna uzi uliochomoza ukagusa wa jirani, maana shoti ya uzi mmoja inatosha kuua amplifaya.