Kutoka kilomita 5 hadi 21 ukiwa Mombasa: programu ipi ya kukimbia inafaa pesa yako

Tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya barabara ya Mama Ngina, Mwethiopia Kenenisa Bekele aliacha Mbio za Nyika za Dunia njiani. Alikuwa bingwa wa mbio zile ndefu tangu 2002. Joto na unyevu wa Mombasa vilimshinda, na Zersenay Tadese wa Eritrea akabeba dhahabu. Naanza na kisa hiki kwa sababu anayeniomba ushauri wa programu ya simu ya kukimbia huanza na bei, nami humrudishia swali: itakuongoza kwa kasi, au kwa muda na pumzi?

Hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki, linachuruzika tu. Mwili haupoi, na moyo hudunda zaidi kwa mwendo ule ule. Kasi uliyoizoea Julai, kusi ikivuma, utaitafuta Februari usiipate. Hujarudi nyuma, ni kaskazi hiyo, upepo wa msimu wa joto. Programu inayokusukuma ufikie dakika 6 kwa kilomita bila kujali fukuto itakuumiza. Hilo ndilo nililolitazama kwanza katika kuzipanga hizi.

Ya kwanza: Nike Run Club. Ni ya bure, na kwa wengi wetu inatosha hadi nusu marathoni, yaani kilomita 21. Ina mipango ya kilomita 5, 10, nusu marathoni ya wiki 14 na marathoni ya wiki 18. Ninachoipendea zaidi ni mbio za kuongozwa kwa sauti: unaambiwa ukimbie polepole, na "polepole" inaelezwa kwa pumzi. Zimo hata mbio alizoshiriki Eliud Kipchoge. Sauti ina faida nyingine ambayo sikuijua mpaka nilipokuwa natokea upande wa feri ya Likoni alfajiri moja, mkono umelowa. Nilitaka kusimamisha zoezi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, kioo hakisikii kidole. Nikafutia fulana, nayo imelowa vilevile. Tangu siku hiyo naanzisha kila kitu kabla sijatoka jasho, simu naiweka kwenye mkoba wa kiunoni, na kitambaa kikavu hakikosi humo. Pakua sauti ukiwa na Wi-Fi, zisikumalizie bando.

Ya pili: Couch to 5K, na kwa asiyeweza kukimbia dakika tano mfululizo hii ndiyo ya kwanza. Mpango huu ulibuniwa na Josh Clark mwaka 1996: siku tatu kwa wiki, wiki 9. Katika toleo linalojulikana zaidi unaanza kwa kukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, mpaka ufike dakika 30 bila kusimama. Hukimbizani na kasi, unahesabu dakika, ndiyo maana unalifaa jiji letu. Dakika 30 zikikufikisha kilomita 4 badala ya 5, umefaulu, endelea. Ila ukimaliza wiki ya 9 mpango umekwisha. Hapo hamia Nike.

Ya tatu: Runna, ya kulipia. Ilianzia London, na mwaka 2025 Strava, kampuni yenye programu ya kurekodi mbio, ilitangaza kuinunua. Unaipa tarehe ya shindano na siku ulizo nazo, inakupangia. Thamani yake naiona Ramadhani: unaweza kuyahamisha mazoezi ya wiki, mbio ndefu ikaja siku utakayoiweza baada ya tarawehe. Udhaifu wake ni kwamba hupenda kukupangia kasi. Chagua kuongozwa kwa juhudi badala ya kasi, la sivyo Machi itakuvunja moyo. Kama hujafikisha kilomita 10, usiilipie bado.

Ya nne: Garmin Coach. Haina malipo ya ziada, lakini lazima uwe na saa ya Garmin, na Forerunner 55 inatosha. Kati ya makocha wake yumo Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya 1972 na ambaye mbinu yake ni kukimbia na kutembea kwa zamu. Kwa kilomita 15 za hapa Pwani, sijaona mbinu ya busara kuliko hiyo.

Strava ya bure iwe daftari lako la kumbukumbu tu. Ficha mwanzo na mwisho wa njia zako, hasa dada zetu wanaokimbia alfajiri, mtu asijue unatokea mlango gani.

Yoyote utakayochagua, mbio ndefu ya wiki iongeze kilomita moja au mbili tu, na kila wiki ya nne upunguze. Ukiona mpango unaruka kutoka 8 hadi 13, usiufuate. Ukiweza, mbio hizo ndefu zifanyie hifadhi ya Nguuni kwenye udongo, magoti yapumue lami.

Kadi ya M-Pesa GlobalPay hulipia usajili wa namna hii. Siku unayoanza jaribio la bure, siku hiyo hiyo zima malipo ya kujirudia.