Masanduku ya vyombo ya mzee wa Chikongola: Mtwara hadi Mangochi na kurudi

Mwaka 2023 gitaa langu la besi lilivunjika kichwa ndani ya buti la basi, njiani kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa nimelivika begi la kitambaa, lile jeusi lenye sponji nyembamba, nikalilaza juu ya mizigo kwa mikono yangu mwenyewe. Tulipofika nikakuta madumu mawili ya mafuta na gunia la korosho vimelalia juu yake. Nilipofungua zipu, kichwa kilikuwa kinaning'inia kwa nyuzi nne kama kuku aliyechinjwa vibaya. Kondakta akanionesha maandishi ya nyuma ya tiketi: mzigo ni kwa dhamana ya abiria. Nililia palepale stendi, mtu mzima mimi, na onyesho tulilikosa.

Naanza na hilo ili anayesoma aelewe kwa nini nawasifia mafundi wa masanduku wakati watu wengine wanasifia hoteli.

Bendi yetu ni ya roki, watu wanne, na tunaishi Mtwara mjini. Magitaa yanakoroma, chini yake drams zinatembea kwa mapigo ya sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo sote tumekua nayo. Wengi wanadhani roki ni ya Wazungu. Huwa nawakumbusha kwamba jirani zetu Zambia walikuwa na roki yao wenyewe miaka ya 1970, Zamrock, na kwamba bendi ya WITCH ilirudi jukwaani miongo minne baadaye ikazunguka Ulaya na mwimbaji wake Jagari. Sisi hatujafika huko. Lakini mwaka 2024 tulialikwa kupiga kwenye tamasha la pembezoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wilaya ya Mangochi. Malawi wana mazoea ya matamasha ya ufukweni tangu Lake of Stars ianze mwaka 2004, kwa hiyo walijua wanachotuambia: amplifaya na drams kubwa vipo, njooni na magitaa yenu, pedali za kubadilisha sauti, ngoma ndogo ya snea na matoazi. Vya kwetu vilitakiwa vifike vizima.

Masanduku magumu ya kiwandani niliyauliza bei Dar. Moja tu la besi lilikuwa linakula kodi yangu ya nyumba ya miezi minne. Shemeji yangu ndiye aliyesema, "Si uende kwa yule mzee wa Chikongola anayetengeneza makabati?"

Nilimkuta hukohuko Chikongola, hapahapa mjini, anapiga randa. Nikamwamkia, akaitikia bila kusimamisha mkono. Nikampa vipimo nilivyoandika kwenye karatasi: urefu, upana, kina. Hakuvisoma. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitu kitabebwa na nani?" Nikamwambia makondakta, wapagazi wa stendi, labda na vijana wa mpakani. "Basi karatasi hii ni ya mtu anayekiweka sebuleni. Kalete chenyewe."

Kesho yake nikampelekea besi, ambayo fundi mwingine alishaigundisha kichwa. Mzee alitandika karatasi ya kaki juu ya meza, akalilaza gitaa taratibu kama analaza mtoto aliyelala, akalichora pembeni yote kwa penseli ya seremala. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi wa samani akilifanya: akaligonga kwa kifundo cha kidole, mwilini, kwenye shingo, kichwani, akisikiliza. Akafika pale palipounganishwa akasimama. "Hapa ndipo penye kidonda. Hapa pasiguswe na kitu." Na kweli, sanduku lilipokamilika, kichwa cha besi kilikuwa kinaelea. Shingo imelala kwenye kitanda cha sponji, mwili umebanwa pande tatu, lakini chini na juu ya kichwa kuna nafasi ya vidole viwili. Baadaye nilikuja kujua kwamba masanduku mazuri ya kiwandani nayo hufanya hivyo, maana likianguka chali ndipo kichwa kinapokatika. Mzee hakuwahi kuona hata moja. Aliligundua kwa kugonga.

Mbao ni plaiwudi ya milimita 9, pembe zote zimevikwa engo za alumini na kupigwa riveti. Ndani ni sponji ya godoro, ile ngumu, aliyoikata kwa kisu cha mkate ili isichanike. Juu ya sponji aliniomba nilete kanga kuukuu, pamba tupu, akasema mbao ya gitaa itoke jasho kwenye kitambaa, isilale uchi juu ya sponji kwa joto letu hili. Nikampa kanga ya marehemu mama. Bado imo.

Bei: sanduku la besi 210,000, la gitaa la solo 165,000, la rizimu hivyohivyo, na kisanduku cha pedali na nyaya 70,000. La matoazi na snea alitengeneza kwa mabaki ya plaiwudi, akatoza 60,000. Nusu unatoa mwanzo. Aliahidi wiki moja, akatumia siku 19. Katikati kulikuwa na msiba kwao Newala, hilo silihesabu, lakini siku nyingine zilizobaki alikuwa anamalizia kitanda cha bibi harusi na hakuniambia. Ukienda kwake, mpe mwezi mzima kabla ya safari. Sisi tulichukua masanduku jioni, vanishi ikinuka, asubuhi tukasafiri.

Na asubuhi hiyo palitokea mkasa. Stendi ya Mkanaledi, saa kumi na moja, giza. Masanduku alikuwa ameyapaka nyeusi. Lile la besi lina urefu wa sentimita 125. Kondakta akamulika tochi, akarudi nyuma hatua mbili, akasema maiti ina utaratibu wake na basi hili halibebi. Abiria wakaanza kushuka. Mama mmoja alishaanza kusoma dua. Ikabidi nifungue makomeo matatu mbele ya kadamnasi, niinue kifuniko, nilitoe gitaa na kulipiga bila umeme, na besi isiyo na umeme haisikiki hata kwa aliye karibu. Yule mama ndiye aliyetuokoa, akasema, "Ni zeze kubwa hilo, pakieni tuondoke."

Njia yetu ilikuwa Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea, zaidi ya kilomita 600 kutoka Mtwara, siku hizi lami. Kisha Njombe, Makambako, Mbeya, ukateremka Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Kule kupanda kutoka pwani hadi milimani ndiko kunakoua magitaa. Unatoka Mtwara kwenye joto na unyevu wa bahari, usiku uleule unaingia Njombe ambako mwezi wa tisa bado unavaa koti. Tulikuwa tumelegeza nyuzi kabla ya kuondoka. Songea mpiga solo alifungua sanduku lake dakika moja, Njombe hakuthubutu. Mimi nilifungua Mbeya asubuhi: kanga ilikuwa baridi kwa nje, gitaa lenyewe lina uvuguvugu wa jana. Shingo haikupinda hata unywele.

Mpakani nawashauri wanamuziki wenzangu jambo moja. Mbali na pasi za kusafiria na kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), andikeni orodha ya kila chombo na namba yake ya kiwandani, nakala tatu, mgongewe muhuri wa forodha mnapotoka. Bila hiyo, siku ya kurudi unaweza kuonekana umenunua magitaa nje na kudaiwa ushuru wa mali yako mwenyewe. Mzee alikuwa ametushonea mfuko wa turubai upande wa ndani wa kila kifuniko kwa ajili ya karatasi hiyo. Afisa alifungua, akakuta karatasi inamtazama usoni na kila kitu kimekaa kwenye shimo lake, akagonga muhuri. Bendi iliyokuwa mbele yetu, vyombo vyao vimefungwa kwa mablanketi, tuliwaacha wanafungua fundo la tatu.

Kuanzia Karonga barabara inakwenda Mzuzu, halafu inashuka tena ziwani: Nkhata Bay, Nkhotakota, Salima. Hapo ndipo sanduku la solo lilipotuangusha. Komeo moja, lile la bati la dukani, lilikatika kwenye kituo cha Mzuzu wakati wa kuhamisha mizigo. Kifuniko kikapinda kona. Tulilifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, likafika hivyo. Magurudumu ya plastiki nayo yalikufa kwenye mchanga wa ufukweni hatua ya kumi, tukabeba kichwani. Sanduku la besi tupu lina kilo 11, ukiweka gitaa linakuwa 15, na mita mia tatu za mchanga na kilo 15 si mchezo. Hizo ni kasoro za kweli na nilimwambia mzee uso kwa uso.

Mangochi yenyewe ningeweza kuandika kurasa. Mpiga drams wetu ni Myao wa Tunduru. Alishuka garini akamsikia muuza samaki anazungumza Kiyao, Kiyao kilekile cha bibi yake, na tangu hapo bendi nzima ilikula chambo, samaki wa ziwa hilo, bila kulipa. Tulifika jukwaani saa nzima kabla ya muda kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba Malawi saa ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ile saa ya ziada ilitufaa, maana tulityuni kwa utulivu, na plagi zao ni za pini tatu kama zetu, kwa hiyo hatukuhangaika na adapta. Tulipiga dakika 40. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha mchanga hadi kwenye pedali. Wimbo wa tatu, mapigo ya sindimba yalipoingia peke yake, wanawake waliokuwa wanauza mandazi nyuma ya uzio waliacha mabeseni wakaja mbele. Besi ilitoa sauti yake yote. Nilikuwa nalitazama lile kovu la kichwani kwa kila noti ndefu.

Tuliporudi, mzee alibadilisha makomeo yote bila kutoza senti, akaweka ya chuma ya kufungia masanduku ya mafundi magari. Magurudumu akayang'oa kabisa, akaweka mishikio minne ya kamba ya katani ili wabebe watu wawili. Na ile habari ya maiti ilimuuma. Hakucheka hata kidogo niliposimulia. Alikaa kimya, akaniambia niyaache masanduku siku mbili. Nilipoyafuata, kila kifuniko kilikuwa kimechorwa gitaa kubwa la rangi ya njano, na lile la matoazi limechorwa ngoma ya Kimakonde yenye mguu. Tangu hapo hakuna kondakta aliyeniuliza swali.

Mwaka uliofuata tuliitwa Nairobi, safari ya ndege kutoka Mtwara kupitia Dar. Hapa lazima niseme wazi: sanduku la kwanza la besi halifai kwa ndege. Mashirika mengi hujumlisha urefu, upana na kina, na jumla ikizidi sentimita 158 unalipia mzigo mkubwa. La kwangu ni 125 kwa 42 kwa 16, jumla 183. Nilimpelekea mzee tatizo hilo nikidhani hakuna dawa. Akageuza gitaa, akaona skrubu nne zilizoshika shingo nyuma. "Hii shingo imefungwa, haikugundishwa. Kwa nini isafiri imesimama?" Nilimkatalia siku nzima. Mwishowe tuliifungua pamoja, mimi nikitetemeka, na yeye akipaka nta ya mshumaa kwenye kila skrubu ili isile tundu la mbao wakati wa kurudi. Shingo peke yake ina sentimita 84. Sanduku jipya, mwili upande huu na shingo upande ule, ni 98 kwa 40 kwa 18. Jumla 156. Pale kaunta ya uwanja wa ndege kijana alipima kwa futi, akaandika namba, akafunga kibandiko cha mzigo wa kawaida.

Ubaya wake ni kwamba ukifika lazima ufunge shingo, uweke nyuzi, uliache gitaa kama saa mbili litulie kabla ya kulipiga. Anayefika na kupanda jukwaani moja kwa moja asichague hilo. Na tundu za skrubu hazipendi kufunguliwa kila wiki, kwa hiyo sanduku la shingo iliyofunguliwa nalitunza kwa ndege tu, mabasi naendelea na lile refu la njano.

Sasa hivi mpiga kinanda wa kwaya moja ya hapa mjini amepeleka kinanda chake, na mzee anamsumbua kama alivyonisumbua mimi. Vipimo kwa WhatsApp hapokei. Picha hapokei. Nenda asubuhi kabla jua halijapanda, maana alasiri anafunga, na uende na chombo chenyewe mkononi.