Gauni la pinki, mtandio rangi gani? Chaguo langu kabla ya Sikukuu

Kila Ramadhani ikifika kumi la mwisho, wadogo zangu huanza: "Dada, gauni langu la pinki, ninunue mtandio gani?" Nami huwauliza kwanza, pinki ipi? Kuna pinki iliyopauka, kuna inayoelekea chungwa, na kuna ile kali ya kuelekea zambarau ambayo wauzaji wanaiita shokingi. Mtandio mmoja hauzifai zote. Basi kabla hujapanda daladala kwenda sokoni Darajani, hapa Unguja, mwombe fundi akupe kipande kilichobaki cha kitambaa, ukitie kwenye pochi. Rangi haikaririwi kichwani.

Namba moja kwangu ni kijani iliyoiva, kijani ya jani la mkarafuu. Mjini watu hunikatalia, ila ndugu zangu wa Pemba hunielewa upesi. Karafuu ikiwa tayari kuchumwa, vichwa vyake huacha ukijani na kuanza kupata wekundu wa pinki, na majani yanang'aa pembeni yake. Nani amewahi kusema mkarafuu hauna mpangilio wa rangi? Pinki ni nyekundu iliyotiwa nyeupe, na kijani ndiyo inayokabiliana na nyekundu, kwa hiyo zikikaa pamoja kila moja humtoa mwenzake. Sharti ni kwamba moja iwe imetulia. Gauni lililopauka lipe kijani iliyoiva. Shokingi ipe kijani ya zeituni, iliyofifia kidogo. Shokingi na kijani kali ukizivaa pamoja, utaonekana kwa mbali, tangu mtaa wa Michenzani, na si kwa uzuri.

Ya pili ni damu ya mzee. Hii na pinki ni ukoo mmoja, hazigombani, na mtu huonekana amejipanga bila kujitangaza. Ya tatu ni bluu iliyoiva, nevi. Kwa hesabu ya pesa ningeipandisha juu, maana Sikukuu ikipita utakwenda nayo kazini, na madoa hayaonekani. Kijivu ni ya nne. Inaipoza shokingi, basi.

Dhahabu naiweka ya tano, na najua nitanuniwa. Harusini usiku, chini ya taa za manjano, dhahabu haina mpinzani, na hapo ndipo kijani yangu inapogeuka kama nyeusi. Lakini mchana wa jua la Unguja dhahabu inaipiga pinki ikapauka, na zile nyuzi za kung'aa zinakukwaruza shingo mpaka unatamani kurudi nyumbani.

Nyeupe na krimu nimeziweka chini kwa kisa changu mwenyewe. Mwaka mmoja nilivaa shokingi mpya na mtandio mweupe wa shifoni. Jasho la mchana mmoja tu, gauni likachuja. Kufika jioni mtandio una mabaka ya pinki kwapani na mabegani kama nimemwagiwa sharubati. Muuzaji aliponiambia "haichuji, dada," nilimwamini. Siku hizi nalowesha leso nyeupe, nasugua mshono wa ndani. Leso ikitoka safi, krimu inaruhusiwa, hasa kwa pinki ya kuelekea chungwa. Ikitoka na rangi, chukua damu ya mzee ulale usingizi.

Nyeusi sikuipa namba. Buibui unalo tayari, huna haja ya kununua tena. Nyekundu na shokingi ziache zigombane dukani, usizilete kwako.

Dukani sasa. Vichochoro vya Mchangani, jirani na Darajani, ni vyembamba na maduka yanawasha taa nyeupe mchana kutwa, na taa hizo zinadanganya. Mwambie muuzaji kwa upole, "Naomba niutazame mlangoni," utoke nao kwenye mwanga na kile kipande chako. Usiulinganishe mkononi, uweke chini ya kidevu, kwa sababu mtandio unakaa usoni. Uso ukionekana umefifia, rudisha, hata kama rangi zimeoana. Uliza pia upana: chini ya sentimita 70 utahangaika na pini kutwa. Na ukiambiwa "hii inakwenda na kila kitu," jua umeletewa ile iliyomkalia rafuni.

Mdogo wangu wa mwisho alinibishia mlangoni mwa duka robo saa nzima, mkono mmoja dhahabu, mkono mmoja kijani. Alichukua kijani. Akaazima na pini yangu ya lulu, mpaka leo sijaiona.